Umoja wa Nani na Nani

Rangi ndiyo iliyoleta matata yote. Ingekuwa nyingi kidogo, hata nusu kopo tu, Mboni angeandika jina zima na hakuna mtu ambaye angelitazama mara mbili. Lakini ilikuwa mabaki ya rangi nyekundu ambayo Mwalimu Mwishehe alipewa na dereva wa lori pale barabarani Misugusugu. Juu ilikuwa imeganda, na chini ukichokonoa unapata vijiko vitano au sita. Kwa vijiko sita mtu haandiki hotuba.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa hamsini na moja. Watu wale walikuwa saba, na kwa mwaka wa tatu sasa walikuwa wakikutana kila Jumamosi alasiri nyumbani kwa Mwalimu Mwishehe, nje kidogo ya shamba la mkonge. Jumamosi waliichagua kwa makusudi. Anayekwenda msikitini Ijumaa aende, anayekwenda kanisani Jumapili aende, na asiyekwenda popote asiulizwe. Hawakuwa chini ya misheni wala chini ya sheikh. Waliamini kwamba Mungu ni mmoja, na kwamba akili aliyompa mtu hakumpa iwe pambo. Basi. Zaidi ya hapo kila mtu alibeba yake.

Mwalimu Mwishehe alikuwa amefundisha dini kwenye shule ya misheni miaka kumi na mmoja. Asubuhi moja mtoto alimwuliza swali juu ya watatu walio mmoja, naye akafungua kinywa kujibu, akaona jibu alilo nalo halimwingii hata yeye. Alifunga kitabu, akaenda kwa padre, akamweleza, akakabidhi ufunguo wa darasa, wakaagana vizuri. Tangu hapo alilima mihogo. Bibi Biubwa, mjane wa Kizaramo mwenye meno manne na sauti ya watu wanane, alikuwa anasali sala zake tano na anafunga mwezi mzima. Ukimwuliza anatafuta nini kwa Mwishehe, alijibu, "Sheikh wangu mzuri, sina neno naye. Ila hanipi zamu ya kusema."

Zamu ya kusema ndiyo iliyokuwa desturi yao kubwa. Palikuwa na mtungi wa maji na kata ya kifuu cha nazi yenye mpini mrefu. Anayetaka kusema huchota maji, hushika kata, husema. Akimaliza hunywa, kisha humpa mwenzake. Aliyeshika kata yenye maji hakatizwi hata akisema upuuzi, na Bibi Biubwa alikuwa amewahi kuishika mpaka maji yakapata moto. Watu wa kambini waliwacheka, wakawaita dini ya kata. Mkatekista mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli hakukosa la kumwambia Mboni: "Mama Tatu! Ninyi watu wa mmoja, mbona mtoto mmemwita Tatu?"

"Wawili walitangulia," Mboni alimjibu. "Kamwulize Mungu kwa nini aliwachukua, halafu uje unieleze."

Yule mkatekista hakurudia tena.

Mboni alikuwa na sababu yake ya kuja pale. Baba yake alikuwa Mwislamu wa Mzenga, mama yake alibatizwa akiwa msichana. Mama alipokufa, ndugu wa pande zote mbili walibishana juu ya maiti tangu asubuhi mpaka jua kuzama, huyu anataka sanda, huyu anataka sanduku. Mboni, mtoto wa miaka kumi, alikaa chini ameshika ncha ya kanga ya marehemu, hakuna aliyemwona. Tangu siku ile alitaka mahali pamoja tu duniani ambapo mtu anamwomba Mungu bila kuulizwa ni wa upande gani. Alipapata akiwa na miaka thelathini na sita. Na hapo hapo kwa Mwishehe alijifunza kusoma na kuandika, kwa herufi kubwa tu, maana ndogo walikuwa hawajazifikia.

Mume wake, Kitwana, hakuwamo. Alikuwa mtu wa Ijumaa, na kazi yake ilikuwa kutia grisi mashine ya kukamulia mkonge. Kwa kazi hiyo walipewa chumba na ukumbi kambini, na chumba hicho ndicho kilichokuwa kwao, hawakuwa na kwingine. Kitwana hakumkataza mkewe, wala hakumsindikiza.

Sasa, mwaka ule walijenga kibanda kidogo uani kwa Mwalimu, makuti juu, pembeni wazi, na Mwalimu akasema kibanda kinataka jina. Jina hilo lilijadiliwa miezi saba. Kila Jumamosi kata inazunguka na jina halipatikani. Mmoja alitaka Nyumba ya Mungu Mmoja Asiye na Mshirika. Mwingine akataka Jamaa Wanaomwomba Mungu Mmoja kwa Hiari. Mwisho Bibi Biubwa akachungulia ndani ya kopo.

"Nyie," akasema, "rangi hii ni ya neno moja. Mungu ni mmoja? Mmoja. Basi mwandike umoja wake, tukapike."

Mboni ndiye aliyepewa heshima ya kuandika. Alichukua ubao wa sanduku la sabuni na ufito uliotafunwa ncha, akaandika ulimi ukiwa nje: UMOJA. Chini yake, kwa rangi iliyobaki: JUMAMOSI SAA TISA. WOTE KARIBUNI. Akasimama mbali, akatazama. Alikuwa hajawahi kuandika kitu ambacho watu wengine watakisoma. Aliona fahari mpaka akaona haya.

Ubao ukatundikwa kwenye mkorosho kando ya njia ya kwenda shambani. Wote saba waliusoma, na kila mmoja aliusoma vile alivyokusudia. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mwaka uliopita tu makuli wa bandarini Dar es Salaam waligoma, na kwamba tangu hapo neno umoja, kwa masikio ya mkata mkonge na kwa masikio ya meneja wake, lilikuwa na maana moja tu, nayo haikuwa ya Mungu.

Jumamosi iliyofuata, saa tisa kasoro, wanaume walianza kumiminika uani. Mwalimu Mwishehe alitoka nje, akasimama na mkeka mkononi.

"Hodi hapa! Hapa ndipo Umoja?"

"Ndipo, ndipo. Karibuni ndugu zangu, karibuni."

"Tumekuja kujiandikisha."

Mwalimu machozi yalimlenga. Miaka mitatu watu saba, na leo ua umejaa! Aliwakalisha kwenye mikeka, mikeka ikaisha, waliobaki wakakaa chini. Akawaeleza habari ya kata. Mnyamwezi mmoja mrefu, mkata mkonge, akainuka wa kwanza, akachota, akasafisha koo.

"Mimi nasema matita ya mkonge yamezidi. Zamani tulikata sabini ndipo kipande chako cha kazi kinatiwa alama ya siku. Sasa tisini, na wanatafuta mia. Mgongo wangu huu si wa chuma." Akanywa maji yote, akapangusa mdomo.

Bibi Biubwa alimtazama juu mpaka chini.

"Haya. Na Mungu je?"

"Mungu naye anajua yamezidi," akasema Mnyamwezi.

"Ninyi watani zetu mkiona watu wamekaa mnadhani kuna mgao," Bibi Biubwa akasema, na ua mzima ukacheka. Lakini hakuwafukuza, wala hakuna aliyewafukuza, maana desturi ilikuwa ile ile: aliyeshika maji hakatizwi. Wa pili naye akasema matita. Wa tatu akaanza na matita, kisha katikati ya maneno akasema kwamba mwanawe amekufa kwao Tabora, barua imefika mtoto amekwisha zikwa siku arobaini, na yeye hata kaburi halijui. Akashindwa kuendelea. Akasimama na kata mkononi, maji yanatikisika. Walimngoja. Baada yake hakuna aliyesema tena habari ya matita. Mmoja aliomba mvua kwao isichelewe, mwingine aliomba tu awe na akili ya kuacha pombe. Mpaka saa kumi na moja karibu wote walikuwa wamekwisha fahamu kwamba wamekosea mahali, lakini hakuna aliyeinuka kuondoka.

Siku ya tatu meneja alimwita Kitwana. Mwinyimadi, nyapara mkuu, alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha meneja na mikono mgongoni. Kitwana aliambiwa maneno machache. Boma limekwisha andikiwa barua. Likisema kwamba ule ni umoja wa wafanyakazi, na mkewe ndiye aliyeandika tangazo, basi arudishe kipande na atoe vyombo vyake kambini siku hiyo hiyo.

Nje, Mwinyimadi alimfuata mpaka kwenye mapipa ya grisi. "Si nilikwambia, Kitwana? Mwanamke ukimwacha ashike kalamu, kesho ameshika kazi yako."

"Ni ufito, si kalamu," Kitwana alisema.

Tarishi wa boma alikuja Alhamisi na karatasi. Watu wa Umoja wa Misugusugu wafike mbele ya Bwana Shauri, Mzungu wa boma la Kisarawe, Jumatatu ya pili. Kutoka siku ile Mboni hakulala. Analala ubavu huu, anageukia huu, anasikia panya wote wa kambini. Alikuwa anakiona chumba chao kwa macho ya mtu anayeaga: ukuta alioupaka udongo mwenyewe, kizingiti ambapo Tatu alijifunza kusimama. Vijiko sita vya rangi!

Jumapili ya kuamkia safari, jioni, Kitwana alikaa mbele yake wakati anapepeta mchele.

"Mama Tatu, sijakuuliza kitu siku zote hizi. Leo nakuomba kimoja. Bwana Shauri akiuliza kama wakata mkonge walikuja, sema hawakuja."

Mboni aliendelea kupepeta.

"Akiuliza kama walisema habari ya kazi, sema hujui. Ulikuwa jikoni. Mwanamke kuwa jikoni nani atashangaa?"

"Sikuwa jikoni, Baba Tatu. Nilikuwa karibu na mtungi."

"Najua ulipokuwa! Nakwambia utakapokuwa kesho!" Kisha akashusha sauti. "Tutakwenda wapi sisi? Niambie tu hilo. Tutakwenda wapi?"

Mboni hakumkubalia wala hakumkatalia. Aliweka ungo chini, mchele haujatakata, akauinjika hivyo hivyo, na usiku huo walitafuna mawe bila hata mmoja kulalamika.

Walitoka alfajiri, watu wanne: Mboni, Kitwana, Mwalimu Mwishehe na Bibi Biubwa aliyekatazwa kuja kwa ajili ya magoti yake na akaja. Walitembea mpaka stesheni ya Soga, wakapanda garimoshi, wakateremka Pugu, wakapanda kilima cha Kisarawe kwa miguu. Kila baada ya hatua mia Bibi Biubwa alisimama na kusema anatazama mandhari. Kitwana alitembea mbele peke yake. Mwalimu alikuwa anajisemea midomo tu, maana yeye ndiye angekuwa msemaji, na hotuba alikuwa ameiandaa tangu Alhamisi.

Bomani waliketishwa kwenye benchi mpaka saa nne. Karani, kijana mtanashati aitwaye Abdala, akawaita ndani. Bwana Shauri alikuwa mtu mwembamba mwenye shingo nyekundu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno limesimama peke yake kama mche. Mbele yake palikuwa na barua ya meneja, kurasa mbili.

Mwalimu Mwishehe akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Bwana mheshimiwa, sisi raia watiifu..."

"Nani aliandika ubao?" Bwana Shauri akauliza.

Hotuba ya Mwalimu ikafia hapo hapo. Mboni alisimama.

"Mimi, bwana."

Abdala aliinua uso kutoka kwenye karatasi zake.

"Wewe? Unajua kuandika?"

"Herufi kubwa tu, bwana. Ndogo bado."

"Umeandika Umoja. Umoja wa nani na nani?"

"Wa Mungu."

"Mungu na nani?"

"Mungu na hakuna, bwana," Mboni akasema. "Ndiyo umoja wenyewe."

Bwana Shauri alimgeukia karani. Wakasemezana Kizungu, Abdala akionyesha kwanza vidole vya mikono miwili vilivyoshikana, kisha kidole kimoja kimesimama. Kisha akawaeleza na wao kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayejizuia asicheke: "Namwambia bwana neno hili lina milango miwili. Watu wakishikana, ni umoja. Na kitu kikiwa kimoja tu, hakina mwenzake, huko nako kuwa kimoja ni umoja. Bwana meneja ameingia mlango huu, ninyi mlikuwa mlango ule."

"Na wakata mkonge wakaingia wa meneja," Bibi Biubwa akanong'ona. Mwalimu akamfinya.

"Mwenyekiti wenu nani?" Bwana Shauri akauliza.

"Hayupo, bwana."

"Amekwenda wapi?"

"Hajawahi kuwapo."

"Angekuwapo ningekuwa mimi," Bibi Biubwa akasema. "Mimi ndiye mkubwa."

"Daftari la majina?"

"Hatuna. Tunajuana."

Bwana Shauri akaandika kitu. Kisha akaweka kalamu chini, na Mboni akajua swali limefika kabla halijasemwa. Hata Kitwana alijua, alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Jumamosi ile, watu wa shamba walikuja?"

Palikuwa na nzi dirishani anajigonga kwenye kioo. Mboni alimsikia yule nzi vizuri. Alifikiria chumba, ukuta wa udongo, Tatu. Alifikiria jiko ambalo hakuwa ameingia. Kisha alimfikiria yule mkata mkonge aliyesimama na maji yanatikisika, na akaona kwamba kusema hakuja ni sawa na kumzika mtoto wake mara ya pili bila yeye kuwapo.

"Walikuja, bwana."

"Wangapi?"

"Hatukuhesabu. Mikeka iliisha, wengine wakakaa chini."

"Walisema habari ya kazi?"

"Walisema."

Kitwana alitoa pumzi kama tairi la baiskeli lililochomwa mwiba.

"Walisema matita yamezidi," Mboni aliendelea, maana sasa alikuwa ameshaanza na kuacha katikati kungekuwa kubaya zaidi. "Kwetu aliyeshika kata hakatizwi, bwana. Mmoja alisema matita. Mmoja alimlilia mwanawe aliyezikwa Tabora yeye hayupo. Mmoja aliomba mvua. Mmoja aliomba aache pombe. Tuliwasikiliza wote sawasawa, hatukuchagua hili la Mungu na hili si la Mungu. Tungejuaje?"

"Mwisho mkaamua nini?"

"Kuamua?" Mboni hakulielewa swali. Alimtazama Mwalimu, Mwalimu naye akamtazama. "Hatukuamua kitu, bwana. Huwa hatuamui. Tangu tuanze hatujaamua hata jambo moja, ila jina, nalo lilituchukua miezi saba, na tukalipata kwa sababu rangi iliisha."

Abdala aliinama ghafla kutafuta kitu chini ya meza. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Bwana Shauri aliichukua barua ya meneja, akatafuta mstari kwa kidole. "Nyapara wa shamba alihesabu. Alikaa njiani, akahesabu watu ishirini na watatu. Na bwana meneja ameandika hapa," akasoma polepole, akigeuza Kizungu kuwa Kiswahili, "wakiulizwa, watakana wote." Akaiweka chini. "Hamjakana. Mtu mwenye chama cha siri haniambii mimi habari za matita."

Hakuna aliyejua kama hapo panaruhusiwa kuketi. Mboni aliketi tu.

Bwana Shauri akamwamuru karani aandike. Mkutano huu ni wa sala, hauna kosa, wala hauhitaji kibali. Mtu asifukuzwe kazi wala nyumba kwa ajili yake. Wakata mkonge wakitaka chama cha kazi, ipo sheria yake, waje wenyewe bomani waelezwe. Abdala aliandika mpaka akafika mahali akasita.

"Niandike ni watu wa dhehebu gani?"

Ndipo Mwalimu Mwishehe alipopata zamu yake hatimaye, na yale yote aliyoyaandaa tangu Alhamisi yalikuwa yamempotea. "Andika tu tunamwomba Mungu mmoja," alisema. "Kila mtu kwa akili yake."

Bwana Shauri alinyanyua uso. "Kwetu wapo watu wa namna hii," akasema. "Shangazi yangu alikuwa akisali nao. Mungu mmoja, na kila mtu kwa akili yake. Walibishana sana. Chai haikuisha."

"Wapo?" Mwalimu aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. Usiku mwingi kati ya mihogo yake alikuwa amejiuliza kama katika dunia nzima yeye ndiye aliyepotea njia peke yake, na swali hilo hakuwahi kulitoa hata akiwa ameshika kata. "Bwana, wapo kweli?"

"Wapo. Si wengi. Lakini wapo, na nchi nyingine pia."

"Wana jina?"

"Wana jina refu."

"Sisi rangi haikutosha," Mboni akasema.

Hapo hata Bwana Shauri alicheka, kicheko kifupi cha puani. Akawaambia waongeze maneno mawili tu kwenye ubao, WA MUNGU, hata kwa mkaa, asije mtu mwingine akaingia mlango mbaya. Akapiga mhuri kwenye karatasi, akamkabidhi Kitwana.

Nje jua lilikuwa kali na Kisarawe yote inanuka majani mabichi. Walitembea mpaka boma likapotea nyuma ya miti. Kisha Kitwana akasimama. Mboni akasimama naye, akingoja aambiwe alichostahili kuambiwa.

"Aliwahesabu," Kitwana akasema. "Mwinyimadi. Alikaa njiani akahesabu watu."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na mimi nikakwambia useme hawakuja." Akashika kichwa. "Ishirini na watatu, mezani pale, na wewe ungesema hawakuja, ulikuwa jikoni. Ulikuwa jikoni!" Kicheko kikamjia bila kutazamiwa, kikampinda, akakaa chini pale pale njiani kwenye vumbi akacheka mpaka akalia, na mwenye mzigo wa kuni aliyekuwa akipanda kilima akampisha kwa mbali.

"Ameshikwa na nini?" yule mwenye kuni akauliza.

"Amebaki na nyumba," Bibi Biubwa akamjibu.

Mboni alimvuta mumewe mkono akainuka. Hakumwomba msamaha kwa kutomtii, na Kitwana hakuudai. Alimkung'uta vumbi suruali kwa kiganja, tena kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na Kitwana akakubali kukung'utwa.

Pale stesheni ya Pugu walikuta mwanamke anauza mihogo ya kuchoma, na Mboni ndipo alipokumbuka kwamba tangu jana ametafuna mawe tu. Alikula vipande vitatu amesimama. Mwalimu Mwishehe alikula kimoja, akatembea mpaka mwisho wa sakafu ya stesheni, akarudi, akaenda tena, anatabasamu peke yake kama mtu aliyepokea barua ya ndugu aliyepotea zamani.

"Nchi nyingine pia," alikuwa anasema. "Umesikia, Bibi? Nchi nyingine pia."

"Nimesikia. Watakuwa wametuiga."

Garimoshi lilipokuja walipata nafasi kwenye behewa la daraja la tatu, kati ya magunia na kuku. Bibi Biubwa hakungoja hata magurudumu yachanganye. Aliwaeleza abiria wote habari ya boma, na katika maelezo yake Bwana Shauri alisimama kumpisha kiti, karani alilia, na yeye mwenyewe alijibu maswali karibu yote. Abiria wakataka kujua zaidi, naye akawaongezea. Mwalimu alifungua kinywa mara mbili amsahihishe, akaona haina haja.

Kitwana alikuwa ameishika ile karatasi kwa ncha za vidole ili jasho lisiguse wino. Kabla ya kufika nusu ya njia alihisi uzito begani. Mboni alikuwa amelala, mdomo wazi, kanga imemteremka, mkono mmoja bado umeshika ganda la muhogo. Alikuwa anakoroma, naye kwa kawaida hakuwa mtu wa kukoroma.

"Bibi," Kitwana akasema, "punguza sauti kidogo."

"Mimi? Sauti yangu hii?"

"Nakuomba. Siku kumi na moja mke wangu hajalala."

Bibi Biubwa alitazama, akanyamaza. Baadaye kidogo akaendelea na hadithi yake kwa kunong'ona, na abiria wakasogeza vichwa karibu ili wasikie.